Maneno Niliyoweka Kati ya Chumba cha Saba na cha Nane

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefagia uwanja kabla watu hawajatoka. Bomba la mfereji wa pili linavuja kwa shingo, nimelifunga na kipande cha mpira mpaka fundi apatikane. Tangi limejaa. Mvua ya jana haikuwa mchezo.

Ploti yangu ina vyumba kumi na viwili vya kupangisha na vyote vina watu. Jana kwa soko la Keroka mama mmoja anauza ndizi aliniangalia sana. Akaniuliza, "Wewe si ndiye yule mwenye ploti ya watu hawapigani?" Nikasema ndiyo ni mimi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu amevaa viatu vipya.

Hii daftari hakuna mtu anaisoma, wacha niseme. Ninajivunia. Sana.

Saa nane mvua ilikuja. Mama wa chumba cha tano ndiye alikuwa nyumbani. Alitoka na mtoto mgongoni akaanua nguo zote, kamba zote tatu, akazirusha kwa kitanda chake. Ndiyo sheria yetu. Aliye nyumbani anaanua za wote. Hakuna kuuliza hii ni ya nani.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua tena. Leo aliyekuwa nyumbani ni Bosibori wa chumba cha nane. Akaanua zote. Akaacha leso mbili na buibui moja. Hizo ni za Mama Salma wa chumba cha saba. Zilinyeshewa mpaka kamba ikalegea, zikagusa matope.

Nilitoka nikazichukua mimi. Nikaziweka kwa ndoo mbele ya mlango wake. Aliporudi kutoka kwa kibanda chake cha kushona, aliziangalia tu, akaenda kuzisuuza upya.

Wiki iliyopita yeye ndiye aliacha shati za mume wa Bosibori zinyeshewe. Wako sawa.

Miaka mitatu na nusu sasa. Ukuta mmoja, mlango kwa mlango, hakuna salamu. Mwalimu Ratemo wa chumba cha tatu anaita hapo katikati "mpaka wa nchi." Akipita hapo anajifanya kutoa kitambulisho mfukoni. Watu wanacheka. Mimi pia ninacheka. Lakini mimi najua ule mpaka uliwekwa na nani.

Ijumaa, 5 Septemba

Kitu kimoja naona watu wengine wenye ploti hawajakielewa. Wanasema usichanganye dini. Ukichanganya utakuwa unaamua kesi kila siku.

Mimi nina Wasabato vyumba vitano, Wakatoliki vitano nikijihesabu, Waislamu viwili. Ijumaa mchana Waislamu wanaenda kuswali, hao wengine wako hapa. Jumamosi Wasabato wanaenda kanisa mpaka jioni, wanaacha wagonjwa na kuku wao na Wakatoliki na Waislamu. Jumapili sisi tukienda misa, Wasabato ndio wanaangalia watoto. Hakuna siku hii ploti inabaki bila mtu. Hatujawahi kuibiwa hata sufuria.

Hiyo ilikuwa akili yangu. Nilikaa nikaiwaza, nikaandika kwa karatasi, nikaibandika kando ya mfereji. Saa hii hata karatasi haiko, ilimalizwa na maji, na bado kila mtu anajua siku yake.

Jumapili, 7 Septemba

Risaga leo. Tumeanza mtaro wa kupitisha maji ya mvua nyuma ya vyoo. Tulianza baada ya misa tukaacha saa kumi. Utamaliziwa baada ya wiki mbili.

Huko nyumbani Gesima, risaga ni kitu ya shamba. Ukiwa na kazi kubwa unaita majirani, wanakuja na majembe, wewe unapika. Kesho jirani akiita, unaenda. Hakuna mtu analipwa. Watu waliniambia mjini haiwezekani, mpangaji hawezi shika jembe kwa ploti ya mtu mwingine. Nikawaambia siku ya kwanza, si ploti yangu tunafanyia kazi, ni maji ya kila mtu. Na chakula nikapika mimi mwenyewe. Ugali ulikuwa mbichi katikati. Walikula wakinitania, lakini wakarudi.

Leo tulikuwa watu kumi na tisa. Mboga ya chinsaga, ugali, kuku wawili. Bosibori alichimba upande wa juu, Mama Salma akabeba udongo upande wa chini. Mtu akiwapangia kazi lazima akumbuke kuwatenganisha.

Kerubo angeona hii. Mke wangu alikuwa akiniambia, wewe unapenda nyumba kuliko watu wanaokaa ndani. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, wapangaji walikuja matanga Gesima. Sikuwaita. Walikuja na magari mawili, nusu na nusu, wakakaa pande mbili za boma kama watu wa harusi wamekosana. Shemeji aliniuliza, kwani hawa wako na shida gani? Nikasema sijui. Mke wangu amelala hapo kwa jeneza, mimi nadanganya.

Mwezi uliofuata nilihamia hapa, chumba cha kwanza. Nikaanza kurekebisha. Tangi, mfereji wa pili, choo cha pili, risaga. Nimerekebisha kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Jumatano, 10 Septemba

Mama Salma amenipa notisi. Anahama mwisho wa mwezi. Amepata chumba Kisii mjini karibu na dada yake.

Amekaa hapa miaka kumi na moja. Hakuna mtu amekaa miaka mingi kumshinda.

Sikuweza kumaliza chai.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimejaribu kuwa mjanja. Nimemwambia achukue chumba changu, cha kwanza, ni kikubwa na kina madirisha mawili. Mimi nitahamia cha saba. Nikajiona nimepata dawa.

Alicheka kidogo, ile kicheko ya mtu amechoka. Akasema, "Baba Moraa, chumba si shida. Nimechoka kulala ukuta mmoja na mtu anaona mkono wangu ni uchafu. Mimi nimezaliwa hapa. Kisii hii. Ekegusii naongea kukushinda wewe. Nitaambiwa mgeni mpaka lini?"

Nikasema pole. Hilo tu. Pole.

Ijumaa, 12 Septemba

Wacha niandike. Sijawahi kuiandika mahali.

Hapo mwanzo Mama Salma na Bosibori walikuwa kama dada. Bosibori ni Msabato wa kweli, siku ya Sabato hawashi moto. Chakula chote anapika Ijumaa. Lakini alikuwa na mtoto mchanga, Kwamboka, na mtoto hawezi kunywa uji baridi. Sasa kila Jumamosi asubuhi Mama Salma alikuwa akipasha ule uji kwa jiko lake. Hakuna mtu alimwambia. Alikuwa anapitisha mkono kwa mlango wa Bosibori, anachukua sufuria, anarudisha ikiwa moto. Ploti nzima ilikuwa inajua hiyo sufuria ya bluu.

Wakati huo nilikuwa nafunga mfereji na kufuli. Maji asubuhi saa moja tu, jioni saa moja. Hawa wawili ndio walikusanya wengine. Walikuja mpaka Gesima, watu kumi, wamevaa nguo za kanisa, wakakaa kwa kiti zangu wakaongea vizuri. Hakuna mtu alinitukana. Wanataka maji, wanataka choo cha pili. Kerubo aliwapikia. Mimi niliogopa. Kama wangenitukana singeogopa. Niliwaangalia jinsi wanamalizia mmoja maneno ya mwingine, nikasema moyoni, hawa wakiendelea hivi ploti si yangu tena.

Wiki iliyofuata nilimkuta Bosibori akimwaga uji kwa mtaro. Nikaona njia.

Nilienda kwa Mama Salma. Nikamwambia sitaki kuchochea, lakini uji ukiupasha unamwagwa. Jirani yako anasema hawezi kulisha mtoto kitu imepitia mkono wa mgeni. Nenda uangalie kwa mtaro. Alienda. Uji ulikuwa hapo.

Halafu nikaenda kwa Bosibori. Nikamwambia Mama Salma anasema amechoka kuwa mtumwa wa Wasabato, dini gani hiyo ya kufanyiwa kazi na majirani. Jumamosi iliyofuata sufuria ya bluu haikuwa kwa mlango. Na mkono wa Mama Salma haukuja kuitafuta. Kila mmoja akaona hiyo ni ushahidi.

Mara mbili tu niliongea. Dakika kumi hivi zote pamoja. Watu wakagawanyika wenyewe, hawa na yule, wale na huyu. Kufuli ikakaa kwa mfereji mwaka mwingine mzima na zaidi.

Na nilifurahi. Lazima niandike hiyo pia. Nilirudi Gesima nikala vizuri.

Jumapili, 14 Septemba

Misa. Homilia sikusikia.

Nilishaungama hii dhambi, baada ya matanga. Padri aliniuliza, hao akina mama wanajua? Nikasema hapana. Akanipa sala na akasema, nenda uwaambie. Sala nilisali siku hiyo hiyo, nikiwa bado kwa benchi. Ile ya kwenda kuwaambia niliacha. Nikajenga choo badala yake.

Choo ni kizuri. Kina vigae.

Jumanne, 16 Septemba

Imekuwa mbaya zaidi. Mwalimu Ratemo amekuja na uso wa mtu ameficha kitu. Ameshindwa kuficha. Jumapili ijayo baada ya risaga wapangaji wananishukuru. Wananishonea koti. Kijivu, kitambaa kizuri. Wamenunua pamoja, hata wanafunzi wa chumba cha kumi na mbili wametoa chochote. Na anayeshona ni nani, kama si Mama Salma.

"Usijifanye hujui, lakini pia usijue," ameniambia Mwalimu. "Ukifika kwa kupimwa ushangae."

Nimeenda kwa kibanda chake kupimwa. Mama Salma alikuwa na futi shingoni na pini mdomoni. Akapima mabega, akapima mkono, akaandika kwa kijikaratasi. Akaniambia nisimame wima, nimejikunja. Akasema, "Hii ndiyo kazi ya mwisho nashona Keroka. Nataka itoke safi."

Alikuwa nyuma yangu, futi iko kwa mgongo. Ilikuwa rahisi kusema wakati huo, singeona uso wake. Nikamuuliza kama kitambaa kinachuja rangi.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeenda kwa meza ya Bosibori sokoni, hapo anauza ndizi. Nilipanga nimwambie yeye kwanza. Nikanunua ndizi mkungu mzima. Aliniuliza nina wageni? Nikasema ndiyo. Sina wageni.

Nimegawa ndizi kwa vyumba vyote. Watu wameshukuru. Sasa wanaona mimi ni mtu mzuri zaidi.

Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 20 Septemba

Wasabato wako kanisa. Uwanja umetulia. Mama Salma amefunga sahani kwa magazeti, ameweka kwa katoni mbele ya mlango. Kitanda atafungua siku ya mwisho.

Nimekaa hapa najaribu kuhesabu nitapoteza nini nikisema. Jina. Koti. Mwalimu labda hatanitania tena. Ile kuitwa mwenye ploti ya watu hawapigani.

Halafu nimewaza, huyo mama anapoteza miaka kumi na moja. Na hajui ni nani amemnyang'anya. Anafikiri ni rafiki yake.

Kesho.

Jumapili, 21 Septemba

Nimesema.

Mtaro tulimaliza saa tisa. Tukanawa, tukakaa kwa benchi na ndoo zilizopinduliwa. Chai ikazunguka. Mwalimu akasimama akaanza hotuba, ana sauti ya gwaride. Akasema kuna ploti zina ukuta mrefu na kuna ploti zina watu. Wakapiga makofi. Akaita koti. Mama Salma akaileta imekunjwa kwa mfuko, akaifungua. Sijawahi kuona nguo imeshonwa hivyo. Hata kola ilikuwa imelala.

Nikasimama nikasema siwezi kuivaa. Wakafikiri naona haya. Mtu akasema, "Mvalishe kwa nguvu." Wakacheka.

Nikasema, Mama Salma, Bosibori, mimi ndiye niliwakosanisha. Nikasema yote. Uji, mgeni, mtumwa, mtaro. Nikasema na sababu, kwamba niliogopa umoja wao kwa ajili ya maji. Nilisema kwa Kiswahili ndiyo wote wasikie, halafu nikarudia kwa Ekegusii ndiyo nisiwe nimejificha. Sauti haikukata.

Nikasikia kuku wakikwaruza.

Bosibori ndiye alianza. Hakuniangalia. Alimwangalia Mama Salma. Akasema, "Uji ulikuwa na siafu."

Mama Salma akasema, "Siafu?"

"Siafu. Waliingia kwa sufuria. Ningelisha mtoto siafu?"

Mama Salma akakaa na ile koti mkononi. Akasema, "Mimi hilo neno la mtumwa sijawahi kulitia mdomoni. Mimi, Bosibori? Mimi nilikuwa nauonja huo uji kwanza ndiyo usimchome."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Halafu wote wawili wakageuka wakaniangalia mimi. Nitakumbuka hayo macho.

Mwalimu alikuwa bado amesimama na karatasi ya hotuba. Akasema, "Baba Moraa, kaa chini." Nikakaa. Akasema, "Hapana, simama." Nikasimama. Akasema, "Mimi sijui. Enda kwa nyumba yako kwanza."

Nikaenda.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimefagia uwanja. Watu wamepita wakienda kazini. Hakuna salamu. Mama wa chumba cha tano amenisalimia "bwakire" halafu amekumbuka, amefunga mdomo.

Nimelia kidogo nikichuja chai. Si kwa sababu ya salamu. Sijui ni kwa nini. Kitu kilikuwa kizito na sasa hakiko, na mahali kilikuwa panauma.

Nimempigia Moraa simu Nairobi nikamwambia binti yangu yote. Akasema, "Mama alikuwa anajua." Nikamuuliza alijuaje. Akasema mama yake alimwambia nilirudi siku hiyo nikala sana, na mimi huwa ninakula sana nikifanya kitu mbaya.

Jumanne, 23 Septemba

Wamekutana. Jioni mapema, chumba cha nane, mlango umefungwa. Watu wa vyumba vyote kumi na moja, mmoja mmoja. Nilikuwa hapa kwangu nawahesabu wakipita dirishani. Mama Salma aliingia pia. Ameingia chumba cha nane. Ameinamisha kichwa kwa ile mlango fupi, akaingia.

Nilisikia sauti zikipanda. Nikasikia mtu anagonga meza. Nikasikia, sijui nani, anacheka mpaka anakohoa.

Hicho ndicho kitu niliogopa miaka yote. Wapangaji wote, chumba kimoja, mlango umefungwa, wananiongelea. Nilingoja ile hofu ije. Haikuja. Nilikaa na kikombe nikasema moyoni, angalia jinsi wamejua kupanga. Hakuna mtu amewafundisha leo.

Mwalimu ameniletea uamuzi, ameandika kwa karatasi ya shule. Mimi si mwenyekiti wa mikutano ya ploti tena. Nikitaka kusema neno juu ya mtu, niseme mtu huyo akiwa hapo na mwingine wa tatu akisikia. Na kwa risaga, sitaita tena na sitaenda mpaka niitwe.

"Uko na swali?" ameniuliza.

Nikasema sina. Nikauliza tu, Mama Salma anahama?

"Hiyo," amesema, "si yako kuuliza."

Amesema kweli. Nimeweka sahihi.

Ijumaa, 26 Septemba

Koti limepata mtu. Mwalimu amelivaa kwenda shule. Mama Salma alifungua mishono ya mabega akapunguza, lakini mikono bado inamfunika vidole. Bosibori alikuwa kwa mfereji akamwita, "Mwalimu, hilo koti linakutembeza." Mama Salma akajibu kutoka kwa mlango, "Mwache, nimemwachia nafasi ya kunenepa." Wakacheka wote wawili. Yule huku, yule kule.

Nimeacha kuandika kidogo hapo.

Hawajaniongelesha. Ile buibui ilikuwa kwa kamba mchana, mvua ikaja, sikutoka kuona nani ameanua. Si kazi yangu kuwachunga.

Jumanne, 30 Septemba

Mwisho wa mwezi. Katoni za Mama Salma zilikuwa bado mbele ya mlango asubuhi. Nikafikiri pick-up itakuja. Nilivaa shati safi ndiyo nimuage kwaheri hata kama hatajibu.

Saa nne akaja mwanaume na mkokoteni, godoro, meza, redio. Nikamwona kwa dirisha. Amesikia kuna chumba kinatoka leo. Mimi sikuwa nimemwahidi mtu, lakini Keroka maneno yanatembea. Kabla sijafika kwa mlango, Bosibori alikuwa kwa geti.

"Nani amekuambia kuna chumba?"

"Si chumba cha saba kinatoka?"

"Kinatoka kinaenda wapi? Cha saba kina mwenyewe."

"Mwenye ploti yuko?"

"Yuko. Lakini chumba cha saba unaniuliza mimi."

Yule mwanaume aliangalia ndani, akaangalia godoro lake, mawingu yameanza kukusanyika. Bosibori akamwelekeza kwa ploti ya chini ya barabara, akamwambia kule hawajawahi kosa chumba kitupu, na anajua kwa nini. Akageuza mkokoteni akaenda.

Mimi nilikuwa nimeshika kitasa. Nikakiachilia. Kwa ploti yangu mwenyewe, mtu amefukuza mpangaji bila kuniuliza, na sijawahi kusikia fahari kama hiyo. Hata siku ya kufungua tangi sikusikia hivyo.

Mchana katoni zilirudi ndani. Hakuna mtu aliniambia kitu.

Jumapili, 5 Oktoba

Misa. Homilia nimesikia yote.

Leo risaga iliitwa na Mama Salma. Bati la chumba cha saba lilikuwa linavuja, na badala ya kuniambia mimi mwenye ploti, aliita majirani. Sikuitwa. Nimekaa chumbani, nimepasi shati mbili, nimepanga karatasi za zamani.

Wameanza saa saba. Mwalimu ndiye fundi, Mungu asaidie. Nimesikia akipanda kwa meza, nikasikia wakimkataza.

Halafu mlango wangu ukagongwa. Bosibori. Tangu ile siku hajaniambia neno hata moja. Alisimama nje, mikono ina vumbi, macho yakiangalia ukuta.

"Ngazi," akasema.

Nikatoa ngazi nyuma ya kitanda. Nilitaka kumwambia kipandio cha tatu kimelegea. Nikawaza kama hiyo ni kusema juu ya mtu. Si mtu, ni ngazi. Nikamwambia. Akakubali kwa kichwa, akaibeba mwenyewe begani, akaenda nayo.

Wamemaliza saa kumi na moja. Wamekula nje. Nimesikia harufu ya kitunguu na kuku. Nimepika yai.

Sasa ni jioni, mvua inanyesha, na kutoka chumba cha saba sisikii mtu akiweka ndoo ya kukinga maji. Ngazi haijarudishwa. Sitaiulizia.